Picha ya Gari Halisi: Mada kwa Wanaokodisha Magari Malindi, Watamu na Kilifi

(Mada hii ilisomwa mbele ya wenye magari na vijana wanaoyakodisha. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kufika.)



Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Malindi, au anayefika Miritini kwa gari moshi la SGR akiwa bado ana zaidi ya kilomita 100 mbele yake, siku hizi hatafuti gari akishafika. Amekwisha kulichagua akiwa Nairobi, Eldoret au Milano, kwa kuangalia simu. Hajamwona mwenye gari wala hajasikia injini ikinguruma. Alichokiona ni picha tano au sita. Kama zilipigwa usiku mbele ya geti, na nyuma yake kuna kamba ya nguo na ndoo za maji, mgeni huyo amepita akaenda kwa jirani, hata kama gari la jirani ni bovu zaidi.

Jambo hili si dogo. Noah, Fielder na Demio nyingi zinazokodishwa katika kaunti hii zilinunuliwa kwa mkopo wa benki au wa sacco. Gari likilala siku kumi bila mteja, mkopo haulali.

Kitu cha kwanza ni jua. Malindi iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua husimama karibu utosini mwaka mzima. Wakati huo gari jeupe huwa kama shuka lililoanikwa, halionyeshi mistari yake, na gari jeusi huwa kioo kinachorudisha kila kilicho mbele yake, pamoja na mpiga picha na kandambili zake. Chini ya gari huwa giza tupu, tairi hazionekani. Saa nzuri ni mbili: asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu, na jioni kuanzia saa kumi mpaka jua linapokaribia kuzama. Siku ya mawingu mepesi ni nzuri pia, hasa kwa gari jeusi, kwa sababu mwanga huja kutoka pande zote na hauleti vivuli vikali.

Wengi hukimbilia kivuli. Kivuli cha mnazi si kivuli cha kupigia picha. Huanguka vipande vipande, na gari huonekana kama lina madoa ya rangi. (Na dafu likianguka juu ya boneti, hapo hakuna picha tena, kuna gharama.) Mwembe au mkorosho una kivuli kizito zaidi, lakini majani yake hulipa gari jeupe rangi ya kijani. Kivuli kizuri ni cha ukuta mrefu wa nyumba, ambapo gari lote liko ndani ya kivuli na hakuna kipande kilicho juani.

Halafu kuna bahari, ambayo kila mtu anaitaka nyuma ya gari lake. Pwani hii inatazama mashariki, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Asubuhi jua hutokea baharini. Mwenye gari akiliegesha gari mbele ya bahari saa moja asubuhi, jua liko nyuma ya gari na mbele kwote ni giza. Kinachopatikana ni umbo jeusi lenye anga la dhahabu. Picha hiyo inapendeza kwenye kalenda, lakini mteja hawezi kujua kama gari ni la buluu au la kijivu. Picha ya bahari hupigwa alasiri na jioni, jua likiwa upande wa bara, nyuma ya mpiga picha, likimulika gari na maji kwa pamoja. Asubuhi iachwe kwa picha ambazo bahari haimo: ukuta mweupe wa chokaa, barabara tulivu ya mtaani, au ukingo wa shamba la mkonge kule Vipingo.

Msimu nao una neno lake. Mto Sabaki ukijaa kwa mvua za bara, maji ya ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya udongo, na anayetaka bahari ya buluu hana budi kungoja au kwenda upande wa Watamu. Wakati wa kusi, upepo wa pwani hubeba chumvi na mchanga. Gari lililooshwa saa nane huwa na ukungu wa chumvi vioo vyote kufikia saa kumi, kwa hiyo kitambaa kikavu kiwe mkononi.

Kulipeleka gari ufukweni penyewe ni jambo jingine, na halifai. Kasa hutaga kwenye fukwe za Watamu, na tairi likipita juu ya kiota huyaponda mayai ambayo dereva hata hakujua yapo. Isitoshe, chumvi hula chuma cha chini ya gari, na gari likinasa mchangani maji yakiwa yanajaa, hasa siku za bamvua, hakuna picha itakayolipa hasara hiyo. Gari lisimame juu, kwenye barabara au maegesho, bahari ionekane kwa mbali. Anayetaka kulipiga picha karibu na Mnara wa Vasco da Gama au magofu ya Gede aulize kwanza kwa wasimamizi wa mahali hapo, kwa kuwa hayo ni makumbusho ya taifa na picha za biashara zina utaratibu wake.

Simu ya kawaida inatosha. Kamera ya kukodi haihitajiki. Kioo kidogo cha kamera kifutwe kwanza, maana jasho la mfukoni ndilo linaloleta ule ukungu ambao watu huulaumu kwa simu. Simu ilazwe, isisimamishwe, kwa sababu gari ni refu kuliko kimo chake. Kosa linaloharibu picha nyingi ni kusimama karibu mno. Mtu akisimama hatua mbili kutoka kwenye taa, pua ya gari huvimba na nyuma hunywea, Vitz ikaonekana kama chura. Arudi nyuma hatua saba au nane, avute picha mara mbili kwenye simu, na gari litarudia umbo lake. Mikono ishuke mpaka usawa wa taa za mbele, isiwe usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Gari likiwa jeupe sana kwenye kioo cha simu, aliguse kwa kidole pale lilipo na apunguze mwanga kidogo kabla ya kupiga.

Picha inayofungua tangazo iwe ile inayoonyesha mbele na ubavu kwa pamoja, tairi za mbele zikiwa zimepindwa kidogo ili rimu zionekane. Baada ya hiyo ije ya nyuma na ubavu wa pili, kisha za ndani. Picha sita au nane za kweli zinatosha. Ishirini za upande mmoja humchosha mteja.

Ndani ya gari ndiko mteja hufanya uamuzi, na ndiko wengi hupapasa tu. Mgeni wa Italia, na Malindi inawafahamu vyema, amezoea usukani wa kushoto. Picha ya dashibodi iliyopigwa kutoka kiti cha nyuma humwonyesha mara moja kwamba usukani uko kulia na kwamba gia ni otomatiki au ya mkono. Kama redio bado ina maandishi ya Kijapani, yaonekane. Ni bora acheke akiwa kwao kuliko kununa akiwa barabarani. Familia inayotoka Nairobi inataka kujua mizigo itaenea wapi. Buti tupu haisemi kitu, lakini buti lenye masanduku mawili makubwa na begi limejibu swali kabla halijaulizwa. Anayekwenda Marafa kuona korongo la Nyari, au Ganze kutembelea jamaa, anaangalia tairi na kimo cha gari kutoka ardhini. Picha moja ya karibu ya tairi, kashata zake zikionekana, na moja ya tairi la spea, jeki na pembetatu za hatari, zina thamani kuliko maneno kumi ya sifa.

Kasoro nazo zipigwe picha. Bampa lenye mkwaruzo, kiti chenye tundu la sigara, kioo chenye ufa mdogo, vyote viwekwe mwisho wa tangazo na maelezo mafupi. Wapo wanaoona kwamba huko ni kujiharibia soko. Ukweli ni kwamba mteja aliyeuona mkwaruzo kwenye simu hatautumia kuomba apunguziwe bei uwanjani, na aliyefichwa atautumia, kisha ataandika maoni mabaya ambayo yatasomwa na kila anayekuja baada yake. Programu za kung'arisha rangi na kufuta makovu ziachwe kwa picha za harusi.

Kubaya zaidi ni kutumia picha ya gari lingine. Kuna matangazo yenye picha zilizochukuliwa kwa wauzaji wa Japani, gari liking'aa kwenye bandari ambayo si ya Mombasa. Sheria ya mwaka 2012 ya kuwalinda watumiaji bidhaa inakataza kumweleza mteja uongo kuhusu kitu anachouziwa au kukodishiwa. Na mbele ya sheria hiyo kuna tatizo la karibu zaidi: matapeli hufanya hivyohivyo. Huiba picha za gari la mtu wa Kilifi, huzibandika kwenye ukurasa wao, huomba malipo ya awali kwa M-Pesa, kisha huzima simu. Mgeni hufika na familia yake, watoto wamechoka, na hakuna gari. Hasira yake humwangukia mwenye gari halisi, ambaye hajui lolote.

Dawa kamili haipo, ila mambo mawili yanasaidia. La kwanza ni kuandika jina la biashara juu ya picha, katikati ya mlango wa gari na si pembeni, kwa kuwa lililo pembeni hukatwa kwa sekunde moja. La pili ni kuifunika namba ya gari kwenye picha za tangazo. Funika kwa kidude cha rangi moja kwenye simu, na namba kamili apewe mteja akishathibitisha. Picha pia isionyeshe geti la nyumbani, namba ya nyumba au watoto wakicheza. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. WhatsApp huondoa habari hizo picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili hubaki. Ni salama zaidi kuzima kibali cha mahali kwenye kamera kabla ya kuanza.

Aina ya mwisho ya picha haiendi kwenye tangazo kabisa, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Ni zile zinazopigwa wakati wa kukabidhi funguo. Mwenye gari na mteja wazunguke gari pamoja, kukiwa na mwanga, na kila upande upigwe picha: pembe nne, vioo, rimu, paa, viti, kipimo cha mafuta na kilomita zilizosomeka. Zitumwe palepale kwa mteja kwa WhatsApp, naye ajibu kwamba amezipokea. Saa ya ujumbe ndiyo shahidi. Gari likirudi, mzunguko ufanywe tena. Bila picha hizo, ugomvi wa nani aliyevunja taa huishia kwa mwenye sauti kubwa, na mara nyingi huishia kituo cha polisi ambapo pande zote mbili hazina ushahidi.

Picha ya kitambulisho au pasipoti ya mteja inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ihifadhiwe kwa ajili ya kukodisha tu, isisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp hata pale mteja anapochelewa kurudisha gari. Gari lisiporudi, mahali pa kwenda ni polisi, na logibuku, mkataba na zile picha za makabidhiano mkononi.

Bima nayo iangaliwe kabla ya picha ya kwanza kupigwa. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haimlindi mwenye gari likiwa limekodishwa kwa pesa, na tangazo lenye picha nzuri ndilo litakalokuwa ushahidi dhidi yake siku ya ajali. Aulize kampuni yake na abadilishe bima kwanza. Leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti, na maelezo yanapatikana katika ofisi za kaunti ndogo.

Picha zipigwe upya kila mvua za masika zikiisha, au mara tu bampa linapobadilishwa na gari kupakwa rangi. Zile za zamani zifutwe siku hiyohiyo.