Nyongeza Imetangazwa, Mkataba Uko Wapi?

Shangwe za Mei Mosi ya mwaka 2025 kule Singida mlizisikia, na takwimu mnazo: kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilipanda kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai mwaka huo, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Ni jambo jema. Wasiwasi wetu sisi uko kwa wale ambao nyongeza hiyo haiwahusu.

Pita Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, alfajiri, kwenye mageti ya viwanda. Msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye fulana nyekundu. Wengine rudini kesho. Huyo wa fulana nyekundu anaijua mashine kuliko aliyeajiriwa rasmi, maana ameihangaikia miaka. Miaka, msikilizaji, na bado anaitwa kibarua. Mkataba uko wapi?

Wenye viwanda hujibu kwamba soko gumu, kodi nyingi. Sawa, kodi hata sisi hapa kituoni tunazilalamikia. Lakini salamu haitozwi kodi. Kumwita mtu pembeni ukamkanya, badala ya kumfokea mbele ya wenzake wenye umri wa wanawe, hakuongezi bili ya umeme. Tumesikia mameneja wakijisifu hewani, hapa hapa, kwamba kwao wafanyakazi ni familia moja. Familia gani hiyo ambayo mtu akiugua siku mbili, ya tatu anakuta nafasi yake ina mwingine? Mkataba uko wapi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuandikwa kwa mafumbo. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Za ziada zilipwe mara moja na nusu. Likizo ya mwaka siku 28, yenye malipo. Mama anayenyonyesha apewe hadi saa mbili kwa siku, bila kununiwa. Na mkataba uwe kwa maandishi. Tunarudia, kwa maandishi! Meneja mzuri hangoji kusikia mkaguzi yuko njiani ndipo karatasi zichapishwe usiku na watu wasainishwe bila kusoma.

Meneja unayetusikiliza sasa hivi ukiwa kwenye foleni, vioo umepandisha, leo ukifika ofisini omba orodha ya vibarua. Isome jina kwa jina. Waliokutumikia miaka waandikie mikataba, leo, si mwisho wa robo! Maofisa kazi, acheni kupiga simu kuarifu kwamba mnakuja. Fikeni tu! Vyama vya wafanyakazi, fulana za Mei Mosi zimeshafuliwa, ingieni viwandani!

Nawe mfanyakazi uliyeachishwa kazi kinyume cha haki, usikae nyumbani ukisubiri bosi apoe. Malalamiko ya kuachishwa hupelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30.