Ile Nyumba Ndogo Mezani: Maneno ya Mwenyekiti Katika Kutimiza Miaka 10



Habari za hisa na mikopo atazisoma mweka hazina. Sisi tunaeleza habari ya ile nyumba ya wanasesere iliyoko pale mezani, maana kila mgeni anauliza.

Nyumba ile ilianza kwa ugomvi. Watoto wetu walikuwa wanalia kwenye vikao, tukasema tuwatengenezee mchezo. Wakataka nyumba ya kisasa, madirisha makubwa na paa lililojificha nyuma ya ukuta, kama hizi zinazojengwa siku hizi. Baadhi yetu tukapinga: fedha za kikundi si za kuchezea! Lakini mwenzetu mmoja akasimama akasema, "Mimi nilikopa hapa nikajenga, fundi akaniachia chumba kisichoenea kitanda. Sikujua kupima. Tujifunze kwenye ndogo." Tukanyamaza wote.

Zamani huku Unyakyusa wavulana wa miaka kama 10 walikuwa wanajijengea vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi, wakakua wanajua kujenga. Sisi wasichana tuliachiwa kuchota maji na kusiriba. Kwa hiyo tulianza tukiwa hatujui hata kushika msumeno.

Nyumba ya kwanza tulikata kwa macho. Mwanasesere akakwama mlangoni, kichwa nje! Tukaivunja. Ndipo tukajua kanuni: inchi 1 iwe badala ya futi 1. Mlango wa futi 7 unakuwa inchi 7, chumba cha futi 10 kwa 10 kinakuwa inchi 10 kwa 10. Tukashona mwanasesere wa inchi 5 na nusu, yaani mama wa futi 5 na nusu. Kitanda nacho tukakikata kwanza, tukakiweka chini, ndipo tukachora ukuta.

Kosa la pili lilikuwa rangi. Tulipaka plaiwudi upande mmoja tu, ikapinda kama ganda la ndizi. Tena tuliunganisha kuta kabla ya kupaka, mkono ukashindwa kufika kwenye kona. Sasa tunajua: piga msasa, ziba matundu kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, paka rangi ya kwanza pande zote mbili, piga msasa tena, paka ya mwisho, ndipo uunganishe. Na usiwe na haraka. Masika ya hapa gundi haikauki upesi. Tuliilaza ndani karibu na jiko siku mbili nzima.

Kosa la tatu ndilo lililotufaa zaidi. Paa tulilitandaza sawasawa kama meza. Bibi mmoja akachukua birika akalimwagia maji, akasema, "Hii ni Tukuyu, siyo Dodoma." Maji yakatuama, yakaingia chumbani. Ndugu zangu, mvua ya kwetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka! Tukainua paa inchi 2 upande wa mbele, tukaweka mfereji nyuma na tundu la kutolea maji. Ukiwa barabarani paa bado halionekani, lakini maji yanatoka.

Tulitumia shilingi 38,000 na Jumamosi saba. Watoto wanaichezea mpaka leo, na wenyewe wameongeza jiko la nje na mgomba wa karatasi, maana walisema nyumba bila mgomba si ya Rungwe.

Lakini faida kubwa ni hii. Siku hizi mwanachama akiomba mkopo wa kujenga, tunakaa naye kwenye ile meza. Anaonyesha vyumba kwa inchi, anakata kitanda cha karatasi, anaeleza maji ya paa yatatokea wapi. Akishaeleza, tunampa. Yule mwenzetu aliyekosa nafasi ya kitanda alikopa tena, akabomoa ukuta mmoja, akamsimamia fundi yeye mwenyewe akiwa na futi kamba mkononi. Mwaka huu analala chumbani kwake vizuri.

Kwa hiyo akina mama tusiogope kuanza tusichokijua, ila tuanze na kidogo, kosa likitokea lisitufilisi.