MKUNGA ACHAGULIWE MAPEMA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa ukutani kwa faida ya wale waliokuwa mashambani. Ajuaye kusoma amsomee mwenzake.)



Tumekwisha kuzungumza habari za mbolea, magunia na bei ya mahindi. Sasa nimeomba nafasi niseme juu ya mama mjamzito: atazalia wapi, na nani atampokea mtoto? Naona akina baba wengine wanainuka watoke. Kaeni, ndugu zangu. Neno hili ni lenu vilevile.

Tukitaka kununua ng'ombe wa kulimia, twamtazama meno na miguu, tena twakwenda na mzee anayejua. Lakini mkunga tunamtafuta usiku, uchungu umekwisha kuanza, mvua inanyesha, na mume hajulikani alipo. Huko sio kuchagua, ni kubahatisha.

Bibi zetu wakunga wa jadi wametupokea wengi tuliomo humu, na heshima yao haiondoki. Miaka ya 1970 na 1980 baadhi yao walipewa mafunzo ili wazalishe kwa usafi. Baadaye ikaonekana, hapa nchini na kwingineko, kwamba mafunzo yale peke yake hayatoshi kuzuia vifo vya wazazi. Sababu sio uvivu wala ujinga wa bibi. Bibi hana sindano ya kukaza mfuko wa uzazi mara mtoto anapozaliwa, hana dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, wala hana damu ya kuongeza. Mama anaweza kujifungua vizuri, watu wakapiga vigelegele, kisha damu ikaanza kutoka na isikome. Huyo anaweza kufa kabla hakujapambazuka. Na hakuna awezaye kutazama tumbo akajua ni nani yatamkuta hayo.

Nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa taifa wa 2015-16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Katika miaka hiyo hiyo, waliojifungulia kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali walipanda kutoka 63 hadi 81 katika kila mia. Lakini hao waliobaki nao ni watu, wana watoto wanaowangoja nyumbani.

Basi tuchague namna hii:

1. Mama aende kliniki mara ajuapo ana mimba, asingoje tumbo lionekane. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio nane. Mume aende naye, wapimwe wote wawili.

2. Amuulize mkunga: mimi nizalie wapi? Zahanati yaweza kumfaa mmoja isimfae mwingine. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, aliyevuja damu uzazi uliopita, au ambaye mtoto amekaa vibaya, apangiwe mahali penye upasuaji na damu.

3. Aulize tena: usiku yuko nani? Mambo yakiharibika nitapelekwa wapi, kwa gari gani? Mkunga mzuri hachukii maswali haya. Asiyekuwa na jibu, tumsaidie kulipata kabla ya siku yenyewe.

4. Amchague wa kumsindikiza. Hapa bibi mkunga anayo kazi yake: amtie moyo mzazi, amtambue mapema mwenye hatari, na amhimize aende.

5. Anayekaa mbali asogee karibu na kituo siku zake zinapokaribia, hasa masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, njia zinapojaa matope. Toka kijiji cha ndani kwa mkokoteni hadi Matai ni safari, na toka Matai hadi Sumbawanga ni safari nyingine.

Zipo dalili ambazo hazingoji kikao cha ukoo: damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiziona, ondokeni saa ile ile.

Akina mama wengine wanasema: "Bibi hunisugua mgongo na kunisemesha kwa lugha ya nyumbani, lakini kule nitagombezwa." Jamani, tusilifunike neno hili. Kuna wanawake waliobaki nyumbani kwa kuogopa ulimi wa mtu kuliko kuogopa kifo. Mama aliye kwenye uchungu ana haki ya kusemeshwa vizuri na kusitiriwa. Akitukanwa, habari ziletwe kwenye kamati ya afya na zisemwe wazi. Tukinyamaza, mwenzake atakayefuata atabaki nyumbani.

Ndugu wanachama, mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa vikundi wakasikiliza redio, kisha wakachimba vyoo pamoja. Hili nalo tulifanye pamoja. Ninaomba mkutano upitishe mambo matatu.

Kwanza, kila msimu wa kuuza mazao tukate kiasi kidogo kwa kila gunia, kiwe akiba ya safari ya wazazi. Kiasi gani, mkutano uamue.

Pili, wenye pikipiki na magari wapange zamu, na majina yao yabandikwe hapa. Ipo pia namba 115 ya mfumo wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Kuipiga ni bure, na mjamzito au mzazi mwenye dharura hutafutiwa usafiri. Kila nyumba iijue namba hiyo.

Tatu, mume au mama mkwe asimzuie mzazi kuondoka ati mpaka mwenye nyumba arudi. Ruhusa itolewe mimba ikiwa bado changa, mbele ya mashahidi.

Mahindi yakiharibika, mwakani tutapanda mengine. Mama akifa kwa sababu tulichelewa kuamua, hatuna pa kumpata mwingine.

Anayepinga na aseme sasa, anayekubali anyoshe mkono.