JESHI KATIKA MAAFA YASIYOONEKANA



Tarehe 20 Januari, 2025, Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg ulikuwa umeingia wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wameugua, na wote 10 walikufa.

Mkoa huo unapakana na Burundi. Magari ya mizigo yatokayo Dar es Salaam huvuka mpaka kwenye vituo vya Kabanga na Kobero na kupita Muyinga. Kutoka hapo iko njia ipitayo Karusi hadi Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019. Njia ipitishayo mafuta na mbolea ndiyo hiyo hiyo impitishayo mgonjwa. Basi hapana budi tujiulize: siku ya maafa ya namna hiyo, askari ana kazi gani?

Sumu za kemikali, vijidudu vya maradhi na mionzi ya nyuklia vina sifa moja: macho hayavioni mpaka vimekwisha kudhuru. Kupambana navyo kwahitaji malori, mahema, maji safi, simu za upepo na watu waliozoea kutii amri usiku na mchana. Mara nyingi ni jeshi pekee lililo navyo vyote kwa pamoja. Mwaka 1995, gesi ya sarini ilipotupwa katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo, kikosi cha kemikali cha jeshi la Japani ndicho kilichoingia kuzisafisha.

Lakini msaada wa jeshi waweza kugeuka madhara. Mwaka 1986, huko Chernobyl, askari wengi walipelekwa kuondoa vifusi vyenye mionzi bila kinga ya kutosha. Na mwezi Agosti 2014, wakati wa Ebola, Serikali ya Liberia iliamuru askari na polisi wauzingire mtaa wa West Point mjini Monrovia. Wananchi waliokuwa hawana chakula wala maelezo waliandamana, risasi zikapigwa, na kijana mmoja akapoteza maisha. Baada ya siku 10 amri hiyo iliondolewa. Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo, askari waliokuja baadaye kujenga vituo vya matibabu walipokewa vizuri. Tofauti ilikuwa ni kazi waliyopewa.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee kwa Burundi. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, maelfu ya watu walikimbilia wilaya ya Ngara, na wengi wakaishi miaka mingi katika kambi ya Lukole. Mtu aliyepata kukimbia hivyo, akiona sare za jeshi zikipanda kilimani kwake bila kuelezwa sababu, atakimbia tena. Akiwa mgonjwa, atakimbia na ugonjwa wake, pengine kuvuka mpaka. Kwa hiyo jambo hili si la Burundi peke yake.

Yafaa basi amri ya kazi hiyo iwe mikononi mwa waganga na viongozi wa kiraia, na jeshi liwe msaidizi wao. Askari apewe mafunzo na mavazi ya kinga kabla ya kutumwa. Aje na hema na maji, wala si bunduki mbele. Na viongozi wa vilima waelezwe mapema atakuja kufanya nini.

Mwezi Juni 2019, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifanya zoezi la kukabili mlipuko wa maradhi huko Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Zoezi kama hilo lafaa pia kati ya Kabanga na Kobero, Muyinga na Gitega zikishiriki. Askari ambaye wananchi wamekwisha kumwona akichota maji pamoja nao siku ya mazoezi, hawatamkimbia siku ya maafa.