Tumuombe nini meya: kitansi, kivuli, na pahali pa kuuzia

(Maneno ya ajenti mmoja wa terrain mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tukifupisha pahali kidogo.)

Komite iliniomba niseme namna gani serikali ya mji inaweza kusaidia biashara ndogo za watu wetu. Wamenipa dakika ishirini. Nitajaribu, ila munajua mutu wa mashirika akishika mikro.

Nianze na hesabu, juu leo muko na kura ya kupiga. Kwa ajili ya wageni nieleze kidogo. MUSO yetu iko na kasa tatu. Ya kijani ni ya mikopo, na ni pesa ya wanachama wenyewe. Nyekundu ni ya matatizo: kilio, ugonjwa, nyumba kuungua. Ya buluu inapokea pesa inayotoka inje, na hapo ndipo msaada wenu unaingia. Sasa komite inauliza: pesa ya buluu ya mwaka huu igawanywe yote kuwa mikopo mipya, sawa vile ilifanyika mbele, ao sehemu yake ifanye kazi ingine? Mimi niko upande wa kazi ingine. Musikilize kwanza kwa nini.

Tuseme mama mmoja anauza ndagala. Amekopa faranga 200,000 kwenye kasa ya kijani, faida ya 5 kwa mia kila mwezi, ni kusema 10,000. Kila siku ya soko anapata faida ya 6,000. Analipa 500 ya meza, 500 ya usafi, kisha kunakuja mutu wa tatu, na pengine wa ine, wanachukua 1,000 bila karatasi yoyote. Mwezi uko na siku 26 za soko. Faida yake yote ni 156,000. Alichoacha mezani kwa wale watu ni 52,000, theluthi moja kamili. Katika hiyo, 26,000 hazina kitansi. Hii hesabu ni ya mfano, kila mutu aweke namba zake, lakini wamama wa soko ninawaona wanatikisa kichwa, basi siko mbali sana.

Muangalie vizuri. Sisi tunakaa mkutano mzima tunabishana kama faida ya mkopo ishuke kutoka 5 mpaka 4. Hiyo ni faranga 2,000 kwa mwezi. Na 26,000 zinapita mlango wa nyuma, hakuna anayezipigia kelele. Mkiongeza mtaji bila kugusa jambo hilo, mnajaza maji ndani ya ndoo iliyotoboka. Na wafadhili nao, bila kujua, wanalipa wale watu wasio na kitansi.

Sasa mji unaingiaje hapo? Wengi wanasema meya hawezi kitu, mji hauna pesa. Ni kweli nusu. Katiba yetu, artikle 175, inasema jimbo libaki na 40 kwa mia ya mapato ya taifa yanayotoka kwake. Sheria ya tarehe 7/10/2008 juu ya miji, komini, sekta na sheferi inaongeza kwamba katika ile 40, hizo ngazi za chini ziko na haki ya 40 kwa mia. Kwa hesabu ya mukono, kwenye faranga 100, zingerudi 16 kwao wote kwa pamoja. Kila mutu aliyefanya kazi katika ofisi za Leta upande huu anajua kwamba haifikaki hivyo. Basi ofisi inatafuta pesa pale ambapo iko karibu na haiwezi kukimbia, ndiyo soko. Mwenye duka kubwa ana mutu wa kumtetea Bukavu. Mwenye meza ya nyanya hana. Sisemi hivi kwa kutukana meri. Ninasema ili tukienda kuongea nao tujue njaa yao inatoka wapi.

Ila kuna mambo mji unaweza kufanya bila dola hata moja kutoka Kinshasa. Masoko ni kati ya kazi ambazo sheria ya 2008 imeachia mji. Na takse zote za jimbo na za mji ziko kwenye orodha moja, ordonansi-loi namba 18/004 ya tarehe 13/3/2018. Kitu ambacho hakiko kwenye orodha ile, mji hauna haki ya kukilipisha. Basi tuombe hivi: bei za soko ziandikwe kwenye ubao mkubwa, kwa Kiswahili, pale mlangoni, na jina la ofisi inayopokea kila moja. Rangi, mbao na fundi. Nani atasema bajeti hakuna? Mutu akikuja na takse ambayo haiko kwenye ubao, mama anamuonyesha ubao. Hapigani naye.

Niliona katika soko moja mama wa ndagala ambaye amepigilia musumari kwenye mti wa kibanda chake. Kila kitansi anachopewa anakitoboa pale. Ikifika mwisho wa mwezi musumari umejaa. Wakusanyaji wamekwisha kumzoea: mwenye karatasi anapewa, asiye nayo anapita bila kusimama. Hakusoma sheria yoyote. Lakini yeye ni mumoja, na nguvu ya musumari mumoja ni kidogo.

Wengi wenu mulitoka Lugufu, wengine Nyarugusu. Kuna wazee hapa waliopanda meli za kwanza za kurudi, Kigoma mpaka Baraka, mwezi wa kumi 2005, na wengine walirudi karibu na wakati Lugufu inafungwa, 2009. Mulipokuwa ng'ambo mulisikia neno halmashauri. Niwaambie ginsi halmashauri za Tanzania zinafanya, juu watu wanapenda kusema "kule Kigoma mambo ni mazuri" bila kueleza ni mambo gani.

Kule, sheria inalazimisha kila halmashauri iweke pembeni 10 kwa mia ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo haina riba. Ni ya raia wa Tanzania, haikuwa ya wakimbizi, ndiyo maana wengi wenu hamukuigusa. Kisha mwezi wa kumi na mbili 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo. Mwenye mauzo chini ya shilingi milioni 4 kwa mwaka alilipa 20,000 mara moja kwa mwaka, akaachwa afanye kazi. Karatasi moja, malipo moja.

Yote mawili yaliingia matatizo, na hayo matatizo yanatufundisha kuliko sifa. Ile mikopo ilisimamishwa mwezi wa ine 2023, juu vikundi vingine vilikuwa vya jina tu, na pesa nyingi haikurudi. Ilirudishwa 2024 na utaratibu mupya. Na vitambulisho viliwapa watu haki ya kuuza bila kuwaonyesha pahali pa kuuzia, basi wakajaa pembeni ya barabara, na 2021 wakaondolewa kwenda maeneo yaliyopangwa, wengine kwa machozi. Sasa vijana wetu wakisema "tumuombe meya mikopo," mimi ninasita. Mji ambao haupati hata ile 16 utakopesha na nini? Na ukikopesha, nani atakuwa kwenye orodha ya kwanza? Mumejibu wenyewe, ninasikia munacheka. Kukopesha tunajua sisi, MUSO inafanya vizuri zaidi. Kwa mji tuombe kile ambacho MUSO haiwezi kutoa: karatasi moja inayoheshimiwa, na pahali.

Juu ya pahali nisikawie, munajua kuliko mimi. Mvua ikinyesha ndagala zinaoza, jua likipiga mboga zinakufa, choo hakuna, maji ni ya kununua kwa bidon. Mama anayelipa takse ya usafi kila siku yuko na haki ya kuuliza ule usafi uko wapi.

Kuuliza kwenyewe, kuna njia. Miji yetu haijawa na baraza lililochaguliwa, meya anateuliwa na Rais wa Jamhuri. Hatuna mshauri wa kumtuma. Lakini bajeti ya mji inaandikwa kila mwaka, na hapa kwetu Sud-Kivu kuna mfano wa karibu. Miaka ya 2010 na kuendelea, komini za Bukavu kama Ibanda zilijaribu bajeti ya pamoja: wakaaji waliitwa kwa ujumbe wa simu, wakasema wenyewe sehemu ya pesa ifanye nini, kisha wakarudishiwa habari ya kilichofanyika. Na komini kadhaa zikajikuta zinakusanya takse zaidi kuliko mbele. Watu walilipa kwa sababu waliona. Tukienda kwa meya na lugha hiyo, kwamba kitansi na ubao vitamuongezea pesa yeye, atatusikiliza kuliko tukienda na malalamiko tu.

Lakini nasi tuwe na karatasi zetu. Hapa ninaingia pahali pagumu. Sheria ya biashara ndogo, ya tarehe 2/8/1979, inasema kila mufanyabiashara mudogo awe na patante, na inasema biashara ndogo ni ya Wakongomani. Sasa kijana wetu aliyezaliwa kambini, anayesema Kiswahili cha Kigoma, ambaye hana kadi ya mchaguzi, karatasi yake moja tu ni fomu ya kurudi ya HCR. Akifika kwenye giche ya patante anaulizwa: weye ni mutu wa wapi? Anarudi nyumbani, anauza bila patante, na asiye na patante ndiye wa kwanza kunyanyaswa. Kila asiye na kitu cha kuonyesha analipa kimya kimya. Katika vikundi ninavyovifuata, hao ndio wanaochelewa zaidi kurudisha mikopo. Watu wanasema ni wavivu wa kambini. Hapana. Ni watu wanaolipa mara mbili.

Na sasa wageni wetu munisamehe, neno moja juu yetu sisi mashirika. Tunapenda kusema mji unapaswa kununua vitu vya watu wa hapa: madawati kwa maseremala wetu, uniforme kwa washonaji wetu. Vizuri. Lakini shirika likifanya semineri ya siku tatu hapa hapa, chakula kinatolewa na nani? Tunaomba fakture pro forma tatu, namba ya RCCM, Id. Nat., namba ya impo. Mama wa sombe hana hata moja ya hizo. Kazi inaenda kwa mutu mwenye mafaili, na huyo mutu anakuja kununua sombe kwa mama yule yule kwa bei ya chini. Meza ndogo za chama zikijiunga chini ya faili moja, mlango huo unafunguka, na hauitaji meya. Unaitaji sisi tukubali.

Basi ninachoomba mupigie kura ni hiki. Theluthi mbili ya pesa ya buluu iende kwenye mikopo, sawa kawaida. Theluthi moja iwe mkopo wa makaratasi: patante kwa kila mwanachama wa soko asiye nayo, na safari na karatasi za uraia kwa wale wa kambini. Ninasema mkopo, haiko zawadi. Unalipwa kidogo kidogo kama mikopo ingine, na mwenye kulipa atauona katika zile 26,000. Faili moja la pamoja, kwa wapishi na washonaji, nalo litoke humo.

Na kila mwanachama wa soko achukue daftari, aandike miezi mitatu: tarehe, nani alikuja, alichukua ngapi, kitansi kilitoka ao hapana. Asiyejua kuandika, mutoto wake wa masomo amsaidie jioni. Hakuna majina ya watu, tuandike ofisi tu. Hatutafuti kumfungisha mutu. Kisha komite ibebe yale madaftari kwa meya mbele ya bajeti ya mwaka unaokuja haijafungwa, ikiomba ubao, kitansi kimoja kwa siku, na kivuli kwa sehemu ya samaki. Tukifika na madaftari 100, hatutakuwa tena watu wanaolialia, tutakuwa watu wenye hesabu ambayo hata meri haina.

Mzee mmoja aliniuliza asubuhi hii: na meya akikataa? Madaftari yatabaki yetu, na patante zitabaki mifukoni mwetu. Mama atakayeulizwa kesho yake bado atakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Madaftari ya kwanza yamekwisha kununuliwa, yako kwa sekretere, pale mezani karibu na mlango. Mukitoka kupiga kura, kila mutu wa soko achukue moja na atie sahihi.