Godoro la Mtu wa Bara Ashukapo Pwani

Leo nataka kunena nanyi juu ya godoro. Najua wako watakaocheka na kusema, "Je, godoro nalo ni jambo la kutolea hotuba?" Mimi pia nalicheka hivyo zamani, mpaka siku nilipoliinua godoro langu katika chumba cha kupanga huko Dar es Salaam, nikaona upande wake wa chini umekuwa mweusi kama kitako cha chungu.

Yafaa kwanza niwaeleze nilikotoka, maana kosa langu lilianzia huko. Nalizaliwa katika nchi ya Iramba, si mbali na Kiomboi. Mkoa wetu wa Singida uko juu, mahali pengi kadiri ya mita 1500 kutoka usawa wa bahari, nao ni mkavu. Mvua huanza Novemba au Desemba, ikakoma Aprili au Mei, na yote ya mwaka mzima ni kadiri ya milimita 700 tu. Miezi iliyobaki ni jua na upepo, na upepo wetu mwaujua. Ukianika nguo juu ya ua asubuhi, adhuhuri umekwisha kuivaa. Zamani wazee wetu walilala juu ya ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa juu ya ulili wa miti, ndani ya tembe. Asubuhi ngozi ilitolewa nje ikakung'utwa, na kazi ikawa imekwisha. Mama yangu alikuwa na godoro la gunia, alilolijaza majani makavu, na kila baada ya mavuno aliyamwaga ya zamani akatia mapya. Hapana mtu kwetu aliyepata kuniambia kwamba godoro huweza kuoza. Nchi yenyewe ilikuwa ikitukaushia, nasi hatukuwa na habari.

Mwaka 2011 nalishuka Dar es Salaam kutafuta kazi, safari ya kama kilomita 700 kwa barabara. Nalipata chumba Temeke, futi 10 kwa 10, chenye dirisha moja dogo na sakafu ya saruji. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 mbele, kama ilivyo desturi ya mji, na nilipokwisha kumlipa nalibakiwa na fedha ya godoro bila fedha ya kitanda. Basi nikanunua godoro la sponji lililokuwa rahisi kuliko yote dukani, nikalibeba kichwani, nikalilaza sakafuni. Lilikuja limefungwa katika nailoni, nami nailoni ile sikuitoa, ili godoro lisichafuke. Nalijiona mtu mwenye akili nyingi.

Masika yakaja. Wakati huo mpwa wangu, mtoto wa miaka 9, alikuwa amekuja kukaa nami apate kusoma, tukawa twalala wawili. Mwezi wa Aprili akaanza kukohoa usiku, na kifua chake kikilia kama filimbi. Nalimpeleka hospitali. Daktari akamsikiliza, akasema ni pumu, akampa dawa, kisha akaniuliza neno nisilolitazamia: "Mtoto huyu hulala juu ya nini?" Niliporudi nyumbani ndipo nilipoliinua godoro.

Katika nyumba ile alipanga pia mzee mmoja, ambaye katika ujana wake alikuwa fundi wa kushona magodoro. Nikamwita.

"Shikamoo, babu. Hebu tazama msiba huu."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akainama, akabonyeza kwa kidole, akanusa. "Nailoni hii umeiacha ya nini?"

"Lisichafuke, babu."

"Umelivika koti la mvua, na mvua iko ndani."

Siku nyingi nalifikiri kwamba mzee alinifanyia mzaha, walakini alinena kweli tupu, na sababu yake ni hii. Hewa ya pwani imebeba maji mengi. Jazeni bilauri maji ya barafu, muiweke mezani Dar es Salaam. Baada ya kitambo kidogo itatoka jasho kwa nje. Bilauri haivuji; maji yale yametoka hewani, na yameonekana kwa sababu hewa yenye joto imegusa kitu baridi. Sasa fikirini mtu alalaye. Usiku kucha mwili wake hutoa joto na unyevu, navyo hushuka ndani ya godoro. Kama chini yake kuna nafasi ya hewa kupita, unyevu huenda zake. Kama kuna sakafu ya saruji iliyo baridi, tena kuna nailoni, hauna pa kwenda, basi hugeuka kuwa maji papo hapo. Maji hayo huleta kuvu, na ile rangi nyeusi niliyoiona ndiyo kuvu.

Tena wako wadudu wa vumbi, wadogo hata macho hayawaoni, ambao urefu wao haufiki nusu ya milimita. Hawaumi kama kunguni. Chakula chao ni ukoko wa ngozi utokao mwilini mwetu, nao hawanywi maji, bali huyavuta kutoka katika hewa. Kwa hiyo katika hewa kavu hunyauka wakafa, na katika godoro lenye unyevu huzaana sana. Kinyesi chao kikipanda pamoja na vumbi huweza kuamsha pumu kwa mtu aliye nayo. Labda sasa mwaona kwa nini daktari aliuliza swali lile.

Basi mtu mwenye fedha kidogo achague nini? Yule mzee alinifundisha aina nne, nami nitawapa kama alivyonipa, pamoja na machache niliyojifunza baadaye.

Pamba mwaijua, maana baadhi yenu mwailima. Godoro la pamba ni zuri sana Singida. Pwani halifai, kwa kuwa pamba hunywa maji, na godoro likisha kunywa huwa zito kama maiti. Msipolitoa juani mara kwa mara litanuka.

Sufi ni bora. Unyoya wa msufi una tundu ndani na nta kidogo kwa nje, hata maji hayaupati upesi, na kwa sababu hiyo zamani mabaharia walishonewa makoti ya kuelea yaliyojazwa sufi. Ila sufi baada ya miaka hujikusanya ikafanya mabonge, ndipo hapana budi kulifumua godoro, kuichambua na kulishona upya. Tena haifai kukaa karibu na moto au koroboi, maana hushika moto mara moja.

Usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi. Watu wa pwani huyafukia makumbi katika mchanga na matope ya bahari kwa miezi kadha wa kadha, kisha huyafukua na kuyaponda. Kitu kilichostahimili kufukiwa hivyo hakiogopi masika. Godoro la usumba ni gumu, na hewa hupita ndani yake. Wengine hawaupendi ugumu wake. Mimi naupenda, kwani ngozi ya ng'ombe ilikwisha kunizoeza.

Nne ni sponji, ambayo sasa ndiyo iuzwayo zaidi kila mahali, na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo maskini apunjwapo. Dawa itengenezwayo sponji hii ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na sponji laini ya magodoro ilienea baada ya vita vya pili vya dunia. Kwa macho sponji zote ni sawa. Tofauti yao ni uzito. Godoro la futi 4 kwa 6, lenye unene wa inchi 6, ni futi za ujazo 12, yaani kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Sponji ambayo mita moja ya ujazo ina kilo 25 humfaa mtu mzima alalaye juu yake kila usiku. Ile ya kilo 15 hubonyea kabla ya mwaka kupita. Basi fanyeni hesabu, ninyi wanafunzi: godoro la kwanza, bila kitambaa chake, litakuwa na kilo 8 na nusu hivi, na la pili kilo 5 tu. Ukubwa ni ule ule.

Nilipokwenda kununua godoro la pili naliomba kulipima katika mizani ya muuza mchele aliye jirani na duka. Muuzaji akanicheka, na watu wawili watatu wakakusanyika. Sikuona haya, nalikwisha kuona haya mara moja, na mara ile ilinitosha. Lakini uzito peke yake usiwadanganye, maana wako watengenezaji wachanganyao unga wa mawe ya chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito. Fungueni pembe ya kitambaa, mkifinye kipande kwa nguvu, mkiachilie. Kikirudi mara moja, ni kizuri. Kikichelewa, au kikiacha vumbi mkononi, liacheni godoro hilo lilale dukani. Tena ni afadhali inchi 6 za sponji nzuri kuliko inchi 10 za sponji mbaya, ijapokuwa zile 10 hupendeza zaidi mbele ya wageni.

Wako watakaosema, "Lililo zuri ni ghali." Tuseme moja ni shilingi 100,000 nalo ladumu miaka 2, na lingine ni 180,000 nalo ladumu miaka 6. La kwanza lakugharimu 50,000 kwa mwaka, la pili 30,000. Najua mtu asiye na 180,000 mfukoni hawezi kulala juu ya hesabu. Huyo namshauri anunue jema lililo dogo, futi 3 na nusu badala ya 5, kuliko kununua baya lililo pana. Katika chumba cha futi 10 kwa 10 kitanda kidogo kina faida nyingine, kwani nafasi ya kuweka jiko na ndoo haipatikani kwa njia nyingine.

Magodoro yaliyokwisha kutumiwa ni rahisi sana, nami siyakatazi kabisa. Lakini fungueni mishono yote mchana penye nuru, mtazame kama kuna kunguni au vidoa vyeusi vya mavi yao. Muuzaji akikataa lisifunguliwe, amekwisha kuwajibu.

Sasa neno ambalo ningalilijua mapema lingaliniokoa. Katika fedha ya godoro toeni kwanza fedha ya kitanda. Godoro la kadiri juu ya kitanda cha chaga litadumu kuliko godoro la thamani lililolazwa sakafuni. Chaga ziachane vidole viwili au vitatu, hewa ipite. Watu wa pwani tangu zamani walilala juu ya vitanda vya kamba, ambavyo vingine huitwa "teremka tukaze", kwa kuwa kamba hulegea na mwenye kulala hushuka ikakazwa. Jina lachekesha, bali kitanda kile chapitisha hewa kuliko vyote. Asiye na fedha ya fundi aweza kupata mbao za masanduku ya mizigo, azigongomee juu ya vipande vya gogo, shubiri moja kutoka sakafuni. Wala msijaze uvungu kwa magunia na mabegi mpaka hewa ikose njia, kama ilivyo desturi yetu sisi wenye chumba kimoja. Kitanda kisigusane na ukuta. Acheni nafasi ya kupita mkono.

Nailoni itoeni siku ile ile mliyonunua. Shoneni foronya kubwa ya kitambaa cha pamba, ifuliwe pamoja na mashuka, nayo itazuia uchafu kuliko nailoni. Asubuhi msitandike mara mwamkapo. Fungueni dirisha, liacheni godoro wazi kwa muda wa saa moja hivi. Kila baada ya wiki mbili ligeuzeni, na ikipatikana siku kavu litoeni nje. Lakini sponji si ngozi ya ng'ombe: jua kali likiipiga uchi huigeuza rangi ikawa ya manjano, kisha hupukutika kama mkate mkavu. Litoeni likiwa na kitambaa chake, au liwekwe kivulini penye upepo.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima. Sitasema kwamba godoro lilimponya pumu, maana dawa za daktari alizitumia miaka mingi. Ila tangu tulipohamia kitandani alilala usiku kucha bila kuketi, nami pia nikalala.

Ninyi mliobaki Singida, ambao sasa wengi wenu mna nyumba za bati na sakafu za saruji, msidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa pwani tu. Mwezi wa Februari, mvua ikiwa katikati, inueni godoro lililolazwa sakafuni mtazame chini yake.

Naulizwa pia na wazazi kama yafaa kijana abebe godoro la kwao katika gari aendapo pwani. Likiwa la sponji nzito, na liwe kavu kabisa siku ya kulifunga, na alichukue. Nauli ya mzigo ni ndogo kuliko bei ya jipya. Likiwa la pamba, liacheni nyumbani kwa wadogo zake.

Kwa herini.