Vijia vya Mlimani Havikuwa Zawadi



Imeenea fikra kwamba kutembea milimani kwa ajili ya kupumzika ni anasa ya watu wenye fedha na wasiokuwa na kazi. Fikra hiyo si sahihi, na ushahidi wa kuikanusha unapatikana hata Uingereza, nchi iliyokuwa chimbuko la ubepari wa viwanda. Huko, katika mji mdogo wa Keswick, wananchi wa kawaida walilazimika kupigania vijia vya miguu kama wengine walivyopigania ujira na kura.

Keswick uko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kando ya ziwa Derwentwater lenye urefu wa kadiri ya kilometa 5. Wakazi wake ni wapatao 5,000. Nyuma ya mji umesimama mlima Skiddaw, wenye kimo cha meta 931, na mbele ya mlima huo kipo kilima cha Latrigg, cha meta 368. Leo mtu anaweza kutoka mjini asubuhi akalizunguka ziwa lote kwa mwendo wa kilometa 16 hivi, au akapanda Latrigg na kurudi kabla ya chakula cha mchana, pasipo kumwomba ruhusa mwenye shamba wala kulipa senti moja. Uhuru huo ulitoka wapi?

Haukutoka kwa wakubwa. Mwaka 1844 mshairi mashuhuri William Wordsworth, mwenyeji wa sehemu hizo, alipinga hadharani ujenzi wa reli ya kwenda Windermere, mji mwingine wa maziwa hayo. Hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba watu wa viwandani wasio na elimu wasingeweza kufaidi uzuri wa mandhari ile. Mwanadamu huyo aliyeipenda milima kwa dhati hakuona kwamba mvujajasho naye ana macho. Hata hivyo, reli ilifika Windermere mwaka 1847, na Keswick mwaka 1865, ikaleta wageni wengi.

Ndipo mgongano ukadhihirika. Wenye ardhi walianza kuziba vijia vya zamani, kikiwamo kijia cha kupanda Latrigg, ambacho watu wa mji walikuwa wakikitumia siku zote. Wananchi waliunda chama cha kuhifadhi njia za miguu. Walipoona kwamba maneno matupu hayasikilizwi, waliamua kuitumia njia yao kwa miguu yao. Tarehe 1 Oktoba 1887 watu wapatao 2,000 walipanda Latrigg kwa pamoja, wakiondoa vizuizi vilivyowekwa njiani. Miongoni mwa waliowaunga mkono alikuwamo Samuel Plimsoll, yule aliyewatetea mabaharia hadi ukawekwa mstari wa kuzuia meli zisipakiwe kupita kiasi. Shauri lilipelekwa mahakamani, na mwaka 1888 likaisha kwa mapatano. Wananchi hawakupata yote waliyodai, lakini njia ya kufika kileleni ilitambuliwa kuwa ni ya umma, na ni ya umma hadi leo.

Ushindi huo ulizaa mengine. Kiongozi mmoja wa chama kile, kasisi Hardwicke Rawnsley wa Keswick, alishirikiana na Octavia Hill na mwanasheria Robert Hunter kuunda, mwaka 1895, shirika la National Trust, lenye kazi ya kuimiliki ardhi kwa niaba ya taifa. Mwaka 1902 shirika hilo lilinunua ekari 108 za msitu wa Brandelhow, kando ya ziwa Derwentwater, kwa paundi 6,500. Fedha hizo zilipatikana kwa michango ya watu wengi, wakiwamo wafanyakazi wa miji ya viwanda. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini njia iliyo wazi haimfai mtu asiye na siku ya mapumziko. Kwa sababu hiyo madai ya njia yalikwenda sambamba na madai ya likizo. Mwaka 1891 mchungaji T. A. Leonard aliwachukua vijana wa viwanda vya nguo kutoka Colne akawapeleka Ambleside, katika maziwa hayo hayo, kwa likizo ya kutembea milimani. Mwaka 1932, katika mlima wa Kinder Scout, vijana walioingia kwa wingi katika ardhi iliyozuiwa walikamatwa, na watano kati yao wakafungwa. Mwaka huo huo sheria ilikubali kwamba njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo pasipo kukatazwa ichukuliwe kuwa ni ya umma. Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo ya malipo. Mwaka 1949 halmashauri zilitakiwa kuziandika njia zote za umma katika ramani rasmi, na mwaka 1951 eneo lote la maziwa lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Hatimaye sheria ya mwaka 2000 iliwaruhusu watu kutembea katika ardhi ya wazi ya milimani hata nje ya vijia.

Ndugu, haki ikishapatikana huanza kazi ya kuitunza. Nyayo nyingi huichimba ardhi, na mvua huligeuza pito kuwa korongo. Kwa hiyo mafundi na watu wa kujitolea hupanda milimani kupanga mawe, kuchimba mifereji, na penye matope laini hutandika sufi ya kondoo chini ya njia ili isididimie. Tangu mwaka 1947 mji una kikosi cha kujitolea cha kuwaokoa waliopotea au kuumia mlimani. Reli ya Keswick ilifungwa mwaka 1972, na sehemu yake ya kwenda Threlkeld ikageuzwa njia ya miguu na baiskeli. Mafuriko ya Desemba 2015 yalibomoa madaraja yake, na njia ikafunguliwa tena mwaka 2020.

Wala mapambano hayajakwisha. Matajiri wa miji ya mbali hununua nyumba za Keswick kwa ajili ya mapumziko ya siku chache, na kijana aliyezaliwa hapo hushindwa kupata makao kwa mshahara wake. Mlima umekuwa wa wote, lakini nyumba iliyo chini yake bado ni ya mwenye fedha.

Funzo ni dhahiri. Mtumishi wa umma aliye na ramani na sheria mezani pake ajue kwamba njia isiyoandikwa ni rahisi kuibwa. Mwalimu naye akiwatoa wanafunzi darasani wakapanda kilima na kusoma ramani kwa miguu yao, hapotezi kipindi. Anawarithisha mali. Wahenga walisema penye nia pana njia. Watu wa Keswick wameonyesha kwamba njia nayo hudumu palipo na nia ya kuitembea, kuitetea na kuitengeneza.